Namba ya Ndani ya Meneja

Nilifukuzwa kazi Jumatatu saa tatu asubuhi, lakini sauti yangu iliendelea kufanya kazi pale kwa miezi saba.

Ngoja nieleze taratibu, maana watu wengi nikiwasimulia habari hii hudhani natania. Kampuni yenyewe inauza pampu za maji na vipuri vya trekta hapa Kisumu, na wateja wake wengi ni wakulima wa miwa wa upande wa Muhoroni. Miwa ikishakatwa haingoji mtu. Kila siku inayolala shambani inakauka na kupungua uzito, na kiwandani mkulima hulipwa kwa uzito. Kwa hiyo mkulima akikupigia kuuliza paipu ya haidroliki, jua kwamba amesimama kando ya trekta iliyokufa, na nyuma yake kuna rundo la miwa linalozidi kuwa jepesi. Simu kama hiyo haichezewi.

Mimi nilianza pale nikiwa mpokea simu wa kawaida, na meza yangu ilikuwa na mashine kubwa yenye taa nyekundu. Baadaye Mzee mwenye kampuni, ambaye babu yake alikuja Kisumu kutoka Bara Hindi na ambaye anasema Dholuo vizuri kuliko watoto wangu, aliamua tuhamie simu za intaneti. Nilijifunza mwenyewe, jioni baada ya jioni, mpaka nikaweza kuupanga mfumo wote peke yangu.

Si jambo gumu, na usikubali mtu akutishe nalo. Ukizungumza kwenye simu ya intaneti, sauti yako inakatwakatwa vipande vidogo sana, kila kipande kinaandikwa kinakokwenda, kisha vyote vinasafiri kwenye waya mmoja na barua pepe, picha na kila kitu kingine cha ofisini. Upande wa pili vinaunganishwa tena. Basi. Tatizo ni moja tu: barua pepe ni kama omena, dagaa wa ziwani, iliyokaushwa, hata ikichelewa itafika ikiwa nzima. Sauti ni samaki mbichi. Kipande kikichelewa, hata nusu sekunde, hakifai tena na kinatupwa. Ndiyo maana ndani ya rauta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, unaweka amri kwamba sauti ipite kwanza na mengine yafuate. Mimi niliiweka amri hiyo siku ya kwanza kabisa.

Kisha nikarekodi salamu, na hapo ndipo kwenye kosa langu. Nalikiri kabla sijamlaumu mtu mwingine.

Wateja wetu wazee walikuwa wakisikia mashine inaanza kuongea wanakata. Nikafikiri, nisiongee kama mashine. Nikarekodi kama ninavyoongea: "Oyawore, mama. Oyawore, baba. Simu yako nimeisikia. Usikate, *abiro sani*." Oyawore ni salamu yetu ya asubuhi kwa Dholuo, na abiro sani ni kusema ninakuja sasa hivi. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Nilikuwa nikiinua simu namkuta mteja katikati ya kunijibu, ananiambia ameamka salama na mvua imenyesha kwao, hajui kwamba alikuwa akiisalimia rekodi. Nami nilidakia palepale, nikauliza habari za watoto, tukaenda kwenye paipu. Hakuna aliyeona mshono, kwa sababu kila mara niliposema ninakuja, nilikuja.

Lakini niliweka ahadi ndani ya mashine. Sikufikiria itakuwaje siku nisipokuwepo wa kuitimiza.

Baada ya muda akaja meneja mpya. Kitu alichokipenda kuliko vyote ni mikutano ya video na watu wa Nairobi. Uso wake ulipoganda kwenye kioo mara mbili, alimwita fundi wa kampuni ya intaneti akamwambia aweke kompyuta yake mbele ya kila kitu. Fundi akafanya alivyoambiwa. Kuanzia siku hiyo, meneja akifungua mkutano wake, simu zote za wateja zilianza kukatikakatika. Mkulima anasema "paipu ya trekta", mimi nasikia "pa… ta".

Nilimfuata ofisini nikamweleza habari ya samaki na omena. Nilimchorea hata kwenye karatasi. Alisikiliza akiangalia simu yake, kisha akaniambia, "Asante, Mama. Sasa rudi kwenye meza yako."

Malalamiko yalipofika kwa Mzee, ambaye alikuwa India kwenye harusi ya mjukuu wake, meneja alihitaji mtu wa kumtwika lawama. Jumatatu, katika mkutano wa wafanyakazi wote, alisimama akaninyooshea kidole.

"Huyu mama ndiye anakata simu. Anaongea na wateja kilugha ili sisi tusielewe, halafu anawatuma kwa duka zingine. Mimi nimefanya uchunguzi."

"Bwana, uchunguzi gani?" nikauliza. "Ni rauta. Nilikueleza…"

"Hatutaki darasa leo!" akasema, na wawili watatu wakacheka. Wengine niliofanya nao kazi miaka mingi walikazia macho viatu vyao. Kufikia saa nne nilikuwa kando ya barabara na sanduku la katoni, ndani yake kikombe changu, kalenda na jozi ya viatu vya kushinda navyo ofisini. Mzee aliporudi aliambiwa hadithi ileile, akaiamini. Hakunipigia.

Sikulala njaa. Kliniki na shule nyingi zilikuwa zinataka simu za namna hiyo, na nilijua kazi. Nilijiambia yamekwisha. Na yangekuwa yamekwisha kama nisingeitwa Muhoroni kutengeneza simu za zahanati moja.

Pale sokoni nilimwona mama mzee mmoja mkulima, mteja wangu wa siku nyingi. Tulikuwa tumeongea kwa simu miaka, na mara mbili alikuja dukani akaniletea mahindi mabichi. Nilimkimbilia na mkono wangu mbele.

Aliutazama ule mkono kama mtu anayetazama samaki wa juzi.

"Huo ni wa nini?" akasema. "Si ulisema unakuja?"

"Kuja wapi, mama?"

"Usiniulize wapi. Trekta yangu imekufa wiki nzima. Napiga, unanisalimia vizuri, unaniambia *abiro sani*. Nimeweka simu kwa sikio mpaka betri imekufa. Nimechaji, nimepiga tena. *Abiro sani*. Miwa yangu imekuwa kuni."

"Mama, mimi siko pale. Nilifukuzwa mwezi wa tatu."

"Jana umenisalimia."

"Ile ni rekodi. Ni mashine."

"Mashine inasema Dholuo?" Akawageukia wanawake wenzake waliokuwa wakiuza nyanya. "Sikieni. Ati ni mashine ilinisalimia."

Mmoja wao akanyanyuka kunitazama vizuri. "Kwani Abiro Sani ndiye huyu? Mimi nilidhani ni mkubwa."

Wakacheka, si kwa ubaya sana. Hapo ndipo nilipoelewa. Jina hilo lilikuwa limeshaenea. Mtu akiahidi kuleta jembe la watu asilete, anaitwa Abiro Sani. Fundi akichukua pikipiki ya mtu akapotea nayo, Abiro Sani. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi nikijenga jambo moja tu, kwamba nikisema nakuja nakuja. Sasa jina langu lilikuwa tusi la waongo, na kila asubuhi, nikiwa nyumbani nachemsha chai, sauti yangu ilikuwa inaendelea kudanganya watu kwa upole.

Nilienda kwa meneja kesho yake. Nilimwomba jambo dogo: afute rekodi zangu.

Aliegemea kiti. "Ulirekodi saa za kazi?"

"Ndiyo."

"Kwa kompyuta ya kampuni?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi ni mali ya kampuni. Mama, tulikufukuza wewe. Sauti yako haijakosa, inafanya kazi vizuri, haiombi likizo, haileti darasa." Akacheka mpaka akakohoa. "Ukitoka funga mlango."

Nilifunga mlango. Nilitembea mpaka mtaa wa Kondele kwa miguu, jua la saa saba, na njia nzima nilikuwa nafikiria namna ya kumwumiza. Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa natafuta haki. Nilitaka kumwona anajikunja.

Njia rahisi ilikuwepo. Neno la siri la mfumo nilikuwa nalo kichwani, na nilijua hawajalibadilisha kwa sababu aliyejua kulibadilisha walimfukuza. Ningeweza kukaa kitandani kwangu nikaingia na kuzima kila simu ya jengo lile. Siku mbili nzima nililizunguka wazo hilo kama mtu anayezunguka sufuria ya nyama. Nikaliacha, na si kwa sababu ya wema. Alikuwa amesema mbele ya watu kwamba naharibu simu za kampuni. Nikiziharibu, nitakuwa nimempa neno moja la kweli, na sikutaka amiliki hata hilo.

Nikaamua kumpiga kwa kitu alichokidharau. Alisema hataki darasa. Nikaenda kufundisha.

Jambo lenyewe ni hili, na hata wewe unaweza kulitumia. Kwenye mfumo kama ule, kila meza ina namba yake ya ndani, tarakimu tatu. Rekodi ikiwa inaongea, mpigaji hana haja ya kuingoja imalize. Akibonyeza namba ya ndani, simu inaruka foleni yote na kulia kwenye meza ile. Haikuwa siri. Namba hizo zilichapishwa kwenye kadi za wafanyakazi. Namba ya meneja ilikuwa mia mbili na moja.

Nilirudi Muhoroni, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa yule mama. Hakunikaribisha kwenye kiti. Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Mama, nipe dakika tano, halafu unifukuze. Toa simu. Weka ile sauti ya nje. Piga namba ya kampuni."

Akapiga. Nikaisikia sauti yangu: *Oyawore, mama*. Akafungua mdomo.

"Usinijibu," nikamwambia.

"Nisikusalimie?"

"Usinisalimie."

"Ni tabia mbaya."

"Nisalimie mimi hapa, niko mbele yako. Huyo mwache. Bonyeza mbili. Sifuri. Moja."

Akabonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepanda mbegu. Kimya. Kisha mlio mwingine. Kisha sauti ninayoijua: "Hello, meneja hapa."

Yule mama alinitazama, akaitazama simu, akanitazama tena. Nadhani ndiyo dakika aliyoamini kwamba mimi ndiye mtu na ile nyingine ni kitu. Lakini hakuwa na muda wa kuniomba radhi, alikuwa na kazi. Akamsalimia meneja. Akamwuliza ameamkaje. Akamwuliza habari ya mke, watoto, mama yake mzazi, kama bado yuko hai na macho yake yanaona. Akamweleza mvua. Akamweleza trekta, ilinunuliwa lini na marehemu mumewe alisema nini siku ile. Ndipo akafika kwenye paipu.

"Mama, nani amekupa namba hii?" meneja akauliza.

"Ni simu yenu imenipa. Paipu inakuja lini?"

"Kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitapiga saa nne na dakika tano nikusalimie."

Paipu ilifika saa tatu na nusu.

Baada ya hapo sikupumzika. Niliwafundisha wakulima kwenye mikutano yao, dakika kumi baada ya maombi ya mwisho. Niliwafundisha wenye maduka madogo ya pampu Kondele, na akina mama wa mtaa wa Obunga waliokodisha pampu za kunyonya maji ya mafuriko majumbani. Nilichora namba kwenye ubao, kwenye mchanga, nyuma ya karatasi za nyimbo. Wazee walioogopa kubonyeza niliwashika kidole. "Usiogope, baba, haiwezi kulipuka. Umeweza! Sasa jaribu bila mimi." Sikumtukana meneja hata mara moja. Nilisema tu kwamba ndiye mkubwa, na kwamba mkubwa anapenda kusalimiwa kikamilifu.

Sijawahi kufundisha vizuri namna hiyo. Kila mwanafunzi wangu aliyefaulu nilimwona kama jiwe dogo ninalolipanga mkononi.

Mkutano wa Nairobi ukianza, simu ya mezani kwa meneja inaanza kulia. Nilisikia haya kwa mhasibu, mmoja wa wale waliokazia macho viatu, ambaye sasa alikuwa anapenda sana kunipigia. Meneja akabadilisha namba yake ya ndani. Yule mama wa Muhoroni hakuniuliza cha kufanya. Alikaa asubuhi moja na simu yake, akaanza mia mbili na mbili, mia mbili na tatu, akimsalimia kila mtu wa jengo lile mpaka mlinzi, kisha akanipigia.

"Nyathina, amejificha mia mbili na kumi na moja. Waambie wengine."

Nyathina ni mtoto wangu. Alikuwa hajaniita hivyo tangu siku ya sokoni.

Mwishowe meneja akachomoa waya wa simu yake. Hapo alijimaliza mwenyewe, kwa sababu hakuwahi kuuliza simu isiyopokelewa inaenda wapi. Mwanzoni kabisa, Mzee aliniagiza nipange hivi: mteja akimpigia meneja asijibiwe, simu iruke kwenye simu ya mkononi ya Mzee mwenyewe. Ilikuwa bado imepangwa hivyo, na mpango huo ulimfuata hata alipobadilisha namba.

Siku mbili tu. Siku ya tatu Mzee alinipigia.

"Min watoto," akaanza, yaani mama watoto, "watu wa Muhoroni wote wananiuliza nimeamkaje. Nikiwa kwa daktari wa meno wananiuliza. Umefanya nini?"

"Nimewafundisha kutumia simu yako, Mzee."

"Kwa nini hawangoji kwenye foleni?"

"Piga namba ya kampuni yako ungoje, Mzee. Halafu unipigie."

Alinipigia baada ya dakika arobaini. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unasema unakuja," akasema. "Huji. Hawajaweka mtu kwenye meza yako?"

"Muulize aliyenifukuza."

Nilimweleza habari ya rauta kuanzia mwanzo, na yeye hakusema hataki darasa. Alimwita fundi wa intaneti, fundi akakubali nani alimwagiza na siku gani. Kisha Mzee akaniuliza nataka nini. Nadhani alitegemea niombe kazi.

"Nataka nifute sauti yangu kwa mkono wangu," nikasema. "Na yeye aweke yake. Jumatatu saa tatu, mbele ya watu walewale."

Nilivaa gauni langu la kanisani. Watu walikaa kama siku ile, na safari hii viatu havikuwa na mtazamaji. Meneja alisimama na karatasi aliyopewa na Mzee.

"Ilibainika kwamba Mama hakukata simu," akasema, haraka na chini. "Tatizo lilikuwa mpangilio nilioagiza mimi."

"Bwana, huku nyuma sauti imekatika," nikamwambia kwa upole. "Rudia kidogo."

Akarudia. Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Nikamwomba arudie tena kwa ajili ya mlinzi, ambaye alikuwa mlangoni. Mzee alitazama dirisha.

Kisha tukaenda mezani kwake tukakaa kwenye kompyuta, yeye na mimi bega kwa bega, wengine wote wakiwa wamesimama nyuma. Nilifungua mafaili yangu moja moja nikayafuta. Mfumo huuliza kila mara kama una hakika. Nilikuwa na hakika. Nikairudisha amri ya rauta, sauti mbele, kompyuta yake nyuma pamoja na za wengine, na waya wa simu yake nikauchomeka tena. Halafu nikamsogezea maikrofoni na maneno niliyoandika: "Oyawore, mama. Oyawore, baba. Mimi ni meneja. Usipopokelewa, kosa ni langu. Nipate kwenye mbili moja moja."

Alikuwa ameishi Kisumu miaka miwili bila kujifunza hata salamu. Alisema "oyawore" kama mtu anayetema mbegu.

"Umekaribia, Bwana," nikasema. "Fungua mdomo kidogo. Tena."

Tena.

"Vizuri sana! Sasa usikimbie pale kwenye 'kosa ni langu'. Wazee hawasikii haraka. Tena."

Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Tulirudia labda mara ishirini. Nadhani ile ya nane ilikuwa nzuri ya kutosha, lakini mimi si mwalimu wa kumwachia mwanafunzi njiani. Nilimtia moyo kila mara, na kila mara nilimwona akijikunja, na nilishiba.

Watu wa kanisani huniambia kisasi hakimjazi mtu. Mimi kilinijaza. Nilichokosa ni kingine: Muhoroni bado kuna watoto wanaoitana Abiro Sani bila kujua lilitoka wapi, na hao siwezi kuwafuata mmoja mmoja na ubao wangu.

Mzee alinisindikiza mpaka mlangoni akaniuliza kama nitarudi kazini. Nilikuwa natafuta namna ya kukataa bila kumwaibisha simu ya meza ya meneja ilipolia. Meneja aliitazama, akatutazama, kisha akaiinua.

"Oyawore, mama," akasema. "Ndiyo… nimeamka salama. Watoto wazima. Mama yangu yuko. Ndiyo, anaona."

Nilisimama pale mlangoni, mkono kwenye kitasa, mpaka alipojibu salamu zote.